Ndugu Yetu Aliye Mlemavu
Somo kwa walimu, kwa wazazi na kwa vijana

Katika sura ya tisa ya Evanjili ya Yoane twasoma habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walipomwona, jambo la kwanza walilotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe: hakuwa yeye, wala hawakuwa wazazi. Habari hiyo twaijua sote, nasi makatekista tumeieleza mara nyingi. Walakini kuna watu ambao hawatajwi katika sura ile yote. Majirani wametajwa, Mafarisayo wametajwa, baba na mama waliitwa wakahojiwa, nao kwa hofu ya kufukuzwa katika sinagogi wakasema kwamba mwana wao ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Lakini kaka na dada zake, kama alikuwa nao, hawakuulizwa neno. Somo letu la leo lawahusu hao: watoto waliokula sahani moja na mlemavu, waliolala naye mkeka mmoja, ambao wamjua kuliko mganga na kuliko mwalimu.

Kabla ya kuendelea, tutazame maneno yetu. Kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, kichaa: yote yaanza na ki-, kama kiti, kisu na kikapu. Wenye lugha wa zamani waliwaweka watu hawa katika ngeli ya vitu. Siku hizi wengi wapendelea kusema mlemavu, au mtu asiyeona, na hilo ni jema. Lakini sikilizeni jambo la ajabu: hata jina likiwa la kitu, kitendo chabaki cha mtu. Hakuna ajuaye Kiswahili asemaye “kipofu kinakuja”. Husema “kipofu anakuja”. Hata huku kwetu Kongo, ambako ngeli huchanganywa kama mahindi na maharagwe, kosa hilo halisikiki. Jina lamshusha, kitendo chamwinua. Wanafunzi wa mwaka wa sita hupenda sana kulijadili neno hili, na mwalimu asiliache lipite upesi, kwa maana tutalikuta tena mbele.

Tuondoe kwanza fumbo la sababu, maana ndilo linalowatesa watu majumbani. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo waweza kuumia. Malaria iliyopanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo, zaweza kuacha alama ya maisha yote. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, waganga waliofanya uchunguzi kuanzia miaka ya 1960 walikuta watu wengi wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo, na watoto waliozaliwa na akili nzito na kimo kifupi. Udongo na chakula vilikosa iodini, na mihogo isiyoandaliwa vema ilizidisha upungufu huo. Dawa yake ilikuwa kuwapa watu iodini, nayo hutiwa katika chumvi. Hapakuwa na mchawi katika jambo lile. Msichana anayenong’onwa sokoni ya kwamba kwao kuna laana, na ayajue mambo haya, apate la kujibu.

Twende sasa ndani ya nyumba. Mgeni abisha hodi. Mama asema kwa sauti ndogo, “Mpelekeni ndani,” na dada mkubwa amshika mkono mdogo wake, amwingiza chumba cha nyuma, afunga mlango, akaa naye humo mpaka mgeni aondoke. Mama hana ubaya moyoni. Aogopa maneno ya watu. Lakini siku ile watoto wawili wamefundishwa somo moja. Mlemavu amejifunza kwamba yeye ni aibu. Dada yake amejifunza kwamba upendo ni kitu cha kufanywa gizani. Ukimfundisha hivyo mara mia, utastaajabu kwa nini akiwa mtu mzima, pengine muuguzi au mwalimu, hawezi kusimama mbele ya watu na kumtetea mtoto wa mwingine? Wahenga walisema mficha uchi hazai, na msemo huo wafaa sana hapa.

Tusimulie habari za familia moja ya Kikatoliki ya Marekani. Twaichagua kwa kuwa mambo yake yameandikwa wazi, hata na watu wa nyumba ile wenyewe; tena walikuwa matajiri na wenye vyeo, hivyo hakuna msomaji atakayedhani kwamba kumficha mtoto ni desturi ya maskini au ya watu wa vijijini.

Joseph Kennedy na mkewe Rose walipata watoto tisa. Wa tatu, msichana wa kwanza, alizaliwa tarehe 13 Septemba 1918 karibu na mji wa Boston, naye aliitwa Rosemary. Waandishi wa maisha yake wasimulia kwamba siku ile daktari alichelewa, na muuguzi akamzuia mama asizae mpaka daktari afike. Rosemary alichelewa kutambaa, kutembea na kusema. Shuleni, kusoma na kuandika kulimshinda kwa muda mrefu. Mdogo wake Eunice alizaliwa mwaka 1921. Hao wawili walicheza pamoja na kuogelea pamoja. Eunice alipokwenda kushindana kwa mashua yenye tanga, alimchukua Rosemary awe baharia wake, naye alilishughulikia vizuri tanga la mbele. Msomaji aliweke moyoni tanga hilo dogo. Walimu wengi walikuwa wamekwisha kuandika yale ambayo Rosemary hayawezi. Mdogo wake ndiye aliyejua analoliweza, kwa sababu alikuwa naye majini.

Mwaka 1938 baba yao alipokuwa balozi London, Rosemary alipelekwa na mama yake mbele ya mfalme na malkia wa Uingereza, akiwa amevaa vazi jeupe kama wasichana wengine wa vyeo. Baadaye alikaa katika shule ya masista waliofuata njia ya Maria Montessori, akiwasaidia watoto wadogo, na huko alitulia. Mwaka 1940 alirudishwa Marekani kwa sababu ya vita. Akawa mwenye hasira na huzuni, na wazazi wakaogopa. Ndipo mwezi wa Novemba 1941, Rosemary akiwa na miaka 23, baba yake alipowaruhusu madaktari wampasue ubongo. Wakati ule baadhi ya madaktari waliamini kuwa kazi hiyo hutuliza. Matokeo yalikuwa mabaya kabisa. Hakuweza kutembea wala kusema, na hata baada ya kufundishwa upya hakurudia kamwe hali yake ya kwanza. Akapelekwa mbali. Tangu mwaka 1949 aliishi Jefferson, katika jimbo la Wisconsin, kwenye nyumba ya Mtakatifu Koleta iliyotunzwa na masista Wafransisko. Kwa miaka mingi kaka na dada zake hawakumwona.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Wahubiri wengine, kwa nia njema, wangesema kwamba Rosemary aliteswa ili Eunice awe mtu mkuu. Mimi nalikataa neno hilo. Mungu hanunui wema wa mdogo kwa ubongo wa dada yake. Tena mlemavu akisikia akisemwa hivyo, atajiona kuwa ubao tu, ambao juu yake wengine waandikiwa somo lao. Rosemary alipewa maisha ili ayaishi mwenyewe, na mengi kati ya hayo alinyang’anywa. Ikiwa wema ulipatikana baadaye, ni kwa sababu ndugu mmoja alikataa kusahau.

Eunice alisoma elimu ya jamii, akamaliza katika chuo kikuu cha Stanford mwaka 1943. Alifanya kazi kati ya wanawake waliofungwa gerezani, kisha kati ya wasichana wenye shida katika mji wa Chicago. Mwaka 1957 alishika uongozi wa shirika la wakfu ambalo familia yake ililianzisha mwaka 1946 kwa kumkumbuka kaka yao aliyekufa vitani. Akaanza kuzunguka nchi, akitembelea nyumba walimowekwa watu wenye ulemavu wa akili. Aliona vyumba vilivyosongamana vitanda, na watu wakikaa siku nzima bila kazi wala mchezo. Wengi wa wakubwa wa nyumba zile walimwambia kwamba watu hao hawawezi lolote. Lakini yeye alikuwa amemwona Rosemary akiishika kamba ya tanga.

Mwaka 1962 mama mmoja alimweleza kwamba hakuna kambi ya likizo iliyokubali kumpokea mtoto wake mwenye ulemavu wa akili. Eunice hakuunda kamati. Alimwambia amlete kwake. Mwezi wa Juni mwaka ule alifungua bustani ya nyumba yake huko Maryland kwa watoto wa namna hiyo, akatafuta vijana wa shule za sekondari, kila mmoja akawa mwenzake mtoto. Waliogelea, walipanda farasi na miti, walicheza mpira. Mama mwenye nyumba aliingia majini pamoja nao. Watoto wake mwenyewe walikua wakiyaona hayo. Mmoja wao, Anthony, alianzisha mwaka 1989 chama cha kuwaunganisha watu wenye ulemavu wa akili na marafiki. Mwingine, Timothy, aliendeleza kazi kubwa ya mama yake.

Mwezi wa Septemba 1962 Eunice alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa gumu kuliko kufungua bustani. Katika gazeti la Saturday Evening Post aliandika kwamba dada yao Rosemary ana ulemavu wa akili. Fikirini: kaka yake John alikuwa Rais wa nchi, na maelfu ya watu walikuwa wakitafuta la kumsema. Hakueleza habari za upasuaji. Hizo zilijulikana baadaye sana. Lakini mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefunguliwa, na wazazi wengine wakatoka. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1963, Rais Kennedy alitia sahihi sheria mbili kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, wiki chache tu kabla ya kuuawa.

Tarehe 20 Julai 1968, katika uwanja wa Soldier Field huko Chicago, wanamichezo wapatao 1,000 wenye ulemavu wa akili, kutoka Marekani na Kanada, walikimbia, waliruka na kuogelea. Huo ulikuwa mwanzo wa Special Olympics. Kaka yake mwingine, Robert, alikuwa ameuawa mwezi wa Juni, na Eunice alikuja uwanjani akiwa bado na msiba. Leo mashindano hayo yamefika katika nchi zaidi ya 170. Mwaka 2023 yalifanyika Berlin. Mkongomani Dikembe Mutombo, mcheza mpira wa kikapu aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 akafa mwaka 2024, aliitumikia kazi hiyo pia. Na ndugu wengine wa Rosemary hawakukaa kimya: Jean alianzisha mwaka 1974 chama cha sanaa kwa ajili ya walemavu, na Edward alipokuwa katika Baraza la Seneti alipigania sheria kubwa ya haki za walemavu ya mwaka 1990.

Kuna jambo moja ambalo masimulizi mengi hulipita upesi. Katika kazi hizo zote, Eunice alimrudia pia dada yake mwenyewe. Alimtembelea, akamleta nyumbani akae na familia, wakaogelea tena pamoja, wakaenda Misa. Rosemary alipokufa tarehe 7 Januari 2005, akiwa na miaka 86, ndugu zake waliobaki hai walikuwa karibu naye. Eunice alimfuata mwaka 2009. Nimekwisha kuwaona watu wanaosifiwa katika parokia kwa huduma yao, ambao ndugu yao mwenyewe hajaogeshwa tangu Jumapili. Tusiwe wepesi kuhesabu maelfu kabla ya kumhesabu yule mmoja.

Wengine watasema: Eunice alikuwa na mali, alikuwa na kaka Rais, sisi tuna nini? Neno hilo ni kweli kwa upande wa mali. Hata hivyo bustani ile haikufanikiwa kwa sababu ya farasi. Ilifanikiwa kwa sababu kila mtoto alikuwa na mwenzake. Na mwenzi hununuliwi sokoni. Katika kila misioni tunao vijana wa Xaveri na wa Kiro, tunao wanafunzi wa sekondari wanaorudi likizoni bila kazi. Alasiri moja ya juma, uwanja wa shule, mpira mmoja, kila mlemavu na kijana wake: hilo laweza kuanza mwezi huu. Mpira ukiwa mgumu kwa aliye mlemavu wa miguu, arushe kwa mikono. Asiyeona achezewe mpira wenye njuga ndani. Watoto wenyewe hubuni kanuni kuliko sisi.

Tena huku kwetu hatuanzi mahali patupu. Kinshasa kuna Village Bondeko, ambako watoto walemavu hufundishwa. Na bondeko kwa Kilingala ni undugu, jina lililochaguliwa vema. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 3 Mei 2022 yalinda haki za watu wenye ulemavu, pamoja na haki ya kusoma. Mwalimu mkuu anayemrudisha mtoto mlemavu mlangoni na ajue kwamba arudisha mwenye haki.

Sasa neno kwa wazazi, nalo laweza kuwa chungu. Katika nyumba nyingi utunzaji wa mlemavu huwekwa juu ya kichwa cha msichana mmoja. Yeye ndiye ambebaye, amlishaye, amfuliaye nguo. Na siku mama aendapo shambani, yeye ndiye asiyekwenda shule. Twamsifu kwa moyo wake mwema, na sifa hiyo twaitumia kama kamba ya kumfungia. Mtoto huyo akichukia, tusishangae. Akilia na kusema amechoka, asiambiwe kwamba ametenda dhambi. Uchovu si dhambi. Yafaa kaka zake wa kiume washike zamu, hata kama jirani atacheka kumwona mvulana akimlisha ndugu yake uji. Yafaa pia jumuiya ya mtaa ichukue zamu: nyumba hii Jumatatu, nyumba ile Alhamisi, ili msichana yule apate kukaa darasani. Jumuiya itakayofanya hivyo itakuwa imemhudumia mlemavu na dada yake kwa pamoja, na bila franka hata moja.

Nanyi kaka na dada, mkizoea kuwasemea ndugu zenu, mkumbuke Musa na Aroni. Musa alikuwa mzito wa kinywa, akaona hafai kutumwa. Mungu hakumpa ulimi mwingine. Alimpa ndugu yake awe msemaji. Aroni alisema mbele ya Farao, lakini safari ilibaki ya Musa. Kuna hatari kwamba aliyezoea kumsemea ndugu yake asahau kumwuliza. Amjibia mgeni kabla swali halijaisha. Amchagulia nguo, amchagulia rafiki. Ndani ya Special Olympics wenyewe, walemavu waliingizwa katika baraza la uongozi. Mmoja wao, Loretta Claiborne wa Pennsylvania, aliyezaliwa mwaka 1953 na kuchelewa sana kutembea na kusema, amekimbia mbio nyingi za marathoni, akawa makamu wa mwenyekiti wa baraza hilo. Tangu hapo anajisemea mwenyewe.

Somo hili lafaa lifundishwe kwa siku mbili. Siku ya kwanza, habari za Yoane sura ya tisa na maneno ya ngeli ya ki-. Siku ya pili, habari za Rosemary na Eunice. Mwishoni watoto waandike majibu katika karatasi, na mwalimu asiyasome mbele ya darasa, maana mengine yatakuwa siri za nyumba. Maswali yawe machache. Je, nyumbani kwenu au kwa jirani yupo mtu afichwaye mgeni anapofika? Ni nani amtunzaye kila siku, naye hupumzika lini? Na kwa aliye na ndugu mlemavu: ni kitu gani ambacho ndugu yako aweza kukifanya, wala hakuna mgeni aliyepata kukiona?